Bima Kubwa ya Gari Dogo

Mke wangu husema mimi sifiki safari. Nikishaingiza gari uani nabaki nimekaa kwenye usukani, nasikiliza chuma kikipoa, tik, tik, najiuliza kama hiyo tik ya tatu ilikuwepo jana. Tukila, sikio langu liko dirishani. Nikilala naota plagi. Hanisingizii, ndivyo nilivyo.

Gari lenyewe ni dogo, la bluu, la milango mitano, nililinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anahamia pwani. Ukiliona limeegeshwa Mwanjelwa, hapa Mbeya, katikati ya magari ya mizigo utadhani ni la mwalimu wa chekechea. Lakini lina turbo na gia za kuchomeka kwa mkono, na ukilikanyaga kwenye mlima baada ya Uyole, malori yanabaki nyuma kana kwamba yameegeshwa. Kazini kwangu, maabara ya hospitali, nashinda nimeinamia darubini nikihesabu vijidudu vya watu. Utulivu wangu wote unaishia huko.

Turbo haipendi kuzimwa ghafla, kwa hiyo kila nikifika mahali naiacha injini ingurume taratibu dakika moja au mbili ndipo nizime. Mara ya kwanza nilipokwenda Kihesa, Iringa, kwa wakwe zangu, mama mkwe aliniona ndani ya gari nimeinamisha kichwa, natazama mshale wa joto, akadhani nasali. Aliwatangazia majirani kwamba binti yake kapata mcha Mungu. Sikumsahihisha. Ningemwambiaje mama wa watu kwamba mkwewe alikuwa anaangalia joto la injini?

Kwa miaka mitatu nililipia bima ndogo, ile ya lazima, inayomlipa uliyemgonga na kukuacha wewe na vyuma vyako. Nilikuwa naendesha roho mkononi. Kila mbuzi aliyesimama pembeni nilimwona adui. Kwenye kikundi chetu cha simu, sisi tunaopenda magari ya namna hii huku nyanda za juu, mwenzetu mmoja alipinduka njia ya Chimala akabaki na funguo tu. Nikasema basi, nakata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Niliamini nikiipata nitatulia.

Wakala wa bima alikuwa dada mmoja mpole, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa. Alinipa fomu. Swali la tisa lilisema: Je, chombo kimefanyiwa mabadiliko yoyote? Nikakaa na ile kalamu. Springi za asili nilishazitoa siku nyingi, nikaweka fupi, gari likashuka mpaka karibu lilambe lami. Bomba la moshi lilikuwa jipya, pana. Na presha ya turbo fundi wangu aliipandisha kwa kompyuta. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akiandika ukweli gari linakataliwa. Gari langu kukataliwa! Niliona uchungu kana kwamba limeshakataliwa. Nikaweka alama kwenye Hapana.

Kilichobaki kilikuwa ukaguzi. Nilikwenda gereji nikamwambia fundi alivalishe gari sare, maana yake alirudishie vitu vyake vyote vya kiwandani, mkaguzi apite, kisha tulivue.

"Njia ya mwongo fupi, kaka," alisema kutoka uvunguni. "Na wewe una turbo, utafika mapema."

Tulicheka wote wawili. Mkaguzi alipokuja alilikuta gari limesimama kwa adabu, refu, kama mtoto aliyevalishwa suruali ya kaka yake. Alipiga picha pande zote nne, akaandika namba ya chesisi, akanipa mkono. "Gari limetunzwa hili," alisema. Sifa ile ilinichoma kuliko tusi. Siku mbili baadaye fundi alirudisha springi fupi na kila kitu, nami nikawa na bima kubwa ya gari ambalo halikuwepo.

Utulivu haukuja. Zamani niliogopa ajali, sasa niliogopa ajali na karatasi. Nilianza kuendesha polepole kama mzee wa kanisa, halafu nakasirika kwa nini naendesha polepole, nakanyaga, halafu najilaumu. Na kibaya zaidi, mke wangu alitulia kwa niaba yangu. Mwanzoni alikuwa hagusi usukani ule, anasema hataki kuniulia mke mwenza. Bima kubwa ilipokatwa akabadilika. "Si lina bima?" akasema, akachukua funguo. Alijifunza haraka, akaliendesha vizuri kuliko mimi, bila papara. Mara ngapi nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kusema, "Usisahau kuipoza turbo kabla hujazima." Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, angenielewa kwa sentensi moja. Sikuwa na hiyo sentensi.

Ikafika kipaimara cha mtoto wa dada yake, kule Kihesa. Mimi nilikuwa na zamu, akatangulia na gari. Siku moja kabla ya sherehe akashuka Ilula peke yake kununua nyanya na vitunguu, maana pale barabarani unachagua mwenyewe na bei ni ya wakulima wenyewe. Simu yake ilinikuta mchana, nimevaa glovu.

"Nimeingia mtaroni," alisema. "Hapa Ilula. Bodaboda kaingia ghafla na matenga ya nyanya, nimemkwepa. Yeye mzima. Namba ya wakala nimeiona hapa kwenye stika ya kioo, ngoja niwapigie waje wapige picha."

"Usiwapigie!"

Ndilo lilikuwa neno langu la kwanza.

"Kwa nini?"

"Chini kunavuja? Hebu angalia uvunguni, kuna oili?"

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke, mtu mzima, mmoja wa wauza nyanya. "Pole mwanangu. Pole sana, eeh? Kaa hapa kwenye ndoo. Umeumia wapi?"

"Mkono, mama," mke wangu alimjibu.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mke wangu kaumia, kwa kudandia swali la mtu mwingine. Nikaita jina lake, simu ikakatwa.

Kwetu mtu akijikwaa kwenye jiwe mbele ya duka, anapewa pole na waliokaa nje, na wa dukani anatoa kichwa ampe ya kwake. Ukimvunjia mtu kikombe, mwenye kikombe anaanza kwa kukupa pole. Neno lile halifikiriwi, linatoka lenyewe, kama kupiga chafya. Mimi halikunitoka. Mbele ya neno hilo nilikuwa nimeweka karatasi mwaka mzima, na karatasi ndiyo ilitoka kwanza.

Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, nikapanda basi la Iringa. Basi lile lilikuwa linagonga kila mahali, shokapu zimekufa, kiti kinalia, na mimi ninayesikia tik ya tatu sikusikia kitu. Nilifika Kihesa jioni. Mama mkwe alikuwa uani na wanawake wenzake wanamenya viazi vya sherehe. Alijifuta mikono akaja kunipokea kwa salamu ya kwao.

"Kamwene, baba. Pole na safari. Pole na gari lako."

Mama aliyeamini kwamba nasali kwenye usukani alinipa pole ya gari.

Mke wangu alikuwa chumbani, mkono umefungwa bandeji toka vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Walishampeleka hospitali, mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umepata ufa. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote, swali la tisa, sare, mkaguzi aliyenisifu.

"Mwaka mzima?" aliuliza.

"Mwaka mzima."

"Na mimi namwambia mama asiwe na wasiwasi nikiendesha, gari la mume wangu lina bima kubwa." Akautazama mkono wake. "Lingekuwa na springi zake, ningeingia mtaroni?"

Nilimwambia sijui, na sijui mpaka leo. Fundi anasema tangi la oili lisingepasuka, gari lilikuwa chini mno. Kuhusu kukwepa na kuserereka, nilipomuuliza alianza kufuta spana ambayo haikuwa chafu.

Ndipo nikasema pole. Ilitoka kavu, imechelewa, kama chakula kinacholetwa msibani watu wameshatawanyika. Alinijibu "asante," kwa sababu ndilo jibu lake.

Jumatatu nilimpigia wakala wa bima nikamwambia ukweli. "Kaka, si ungeandika tu?" alisema. "Tungekuongezea kidogo kwenye malipo, basi. Hatukatai magari kwa ajili ya springi." Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Bima kubwa ikafutwa, nikarudi kwenye ndogo.

Gari limetengenezwa, kwa miezi, kipande kimoja kimoja. Sasa lina springi zake za kiwandani, linasimama refu, nami nimeshalizoea, ingawa wenzangu wa kikundi wananitania kwamba nimefuga bata, kwa jinsi linavyoyumba kwenye kona. Bado naipoza turbo kabla ya kuzima. Mke wangu kwenda kwao anapanda basi. Hajasema kwamba hatalishika tena lile gari, ila funguo zikiwa mezani anazisogeza ili aweke sahani. Baridi ya Mbeya ikikaza, anakikanda kifundo chake akidhani simwoni.

Jioni nikiingia na mikono imejaa oili, ananiwekea maji ya kunawa na kuniambia, "Pole na kazi." Hajawahi kuiruka hata siku moja. Hata siku ile ya Ilula hakuiruka. Nilipokuwa kwenye basi alinitumia ujumbe, maneno matatu, aliyoyaandika kwa mkono mmoja: Pole na safari. Niliusoma tukiwa tumeshapita Mafinga, nikashindwa kuujibu.