Kigego Kwenye Kizingiti cha Babu

Nilipokuwa mtoto pale Msata, duka la babu yangu halikuanza kazi mpaka mguu wangu ukanyage ndani kwanza. Babu alisimama nje na funguo mkononi, amevaa kofia yake ya kiua, ananingoja nimalize kunawa uso. Akishaufungua mlango ananishika mkono wa kushoto na kuniambia, "Mguu wa kulia, mama." Naingia. Ndipo naye anaingia, anasema bismillahi, na siku inaanza.

Mtu wa siku hizi atadhani ulikuwa mchezo wa babu na mjukuu. Haukuwa mchezo hata kidogo. Kwetu, mtu wa kwanza kuingia dukani asubuhi ndiye anayeifungua riziki ya siku ile, au kuifunga. Kuna wenye mguu mwema, hao huombwa na wenye maduka wapite asubuhi hata kama hawana cha kununua. Na kuna wenye mguu wa nuksi, ambao mwenye duka akiwaona kwa mbali hujifanya bado anafagia. Na mimi, ndugu yangu, nilikuwa kigego.

Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini. Kosa langu ni hilo tu. Zamani za mababu watoto wa namna yangu hawakuachwa wakakua, kwa kuwa iliaminika kigego humaliza ukoo wake. Basi mama yangu alipofariki, nami hata kutembea sijajua, watu hawakutafuta sababu nyingine. Baba akaenda kukata mkonge upande wa Tanga, akawa harudi. Ndugu wa mama kule Ubena walipelekewa habari waje wanichukue, wakajibu kwa adabu zote kwamba nyumba yao ni ndogo. Nyumba ndogo! Mtoto anayetambaa anahitaji nafasi gani?

Nikabaki kwa Babu. Alikuwa mfanyabiashara aliyeanza na kikapu cha chumvi kichwani, anakitoa Bagamoyo kwa miguu na kukiuza nyumba kwa nyumba huku bara. Nilipopata akili alikuwa na duka la bati, ghala la ufuta nyuma yake, na lori moja kuukuu alilolisifu kwa wageni na kulitukana akiwa peke yake. Kwenye mizani alikuwa mkali, hacheki na mtu. Lakini chungwa langu alilimenya mpaka ule weupe wote utoke, eti utanikereketa koo. Nimekula machungwa mengi tangu hapo, na hakuna aliyenimenyea hivyo tena.

Dada yake, Bibi Zena, alikuja siku moja akakaa mkekani na kumwambia waziwazi kwamba huyu mtoto atakumaliza, kaka, mpeleke mbali kungali mapema. Babu akanywa kahawa yake mpaka ikaisha. Kesho yake asubuhi ndipo alipoanza kunishika mkono na kuniingiza dukani kwanza, watu wote wakiona.

Watu nao! Walikuwa wanakuja, wanasimama kwenye baraza la jirani, kila mmoja anamngoja mwenzake aingie kwanza aiondoe nuksi. Jua linapanda, hakuna aliyepiga hatua. Bibi yangu, mke wa Babu, aliwatania kwa sauti kama wamekuja kuposa. Wakicheka, wakisahau, mmoja anaingia na wengine wanamfuata. Tukaishi hivyo miaka, na biashara ikaenda, taratibu lakini ikaenda.

Kisha ikaja masika ile. Babu alikuwa ameushikilia ufuta wa msimu mzima ghalani, akaupakia wote kwenye lori uende Bagamoyo. Njiani mvua ikalikamata lori kwenye korongo, maji yakalipindua. Dereva na utingo walitoka salama, alhamdulillahi. Ufuta ulikwenda na maji, na lori halikuamka tena.

Habari ilitufikia jioni. Nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kuelewa maneno ya watu, na siku hiyo hawakuyaficha. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Bibi Zena alikuja akajitupa uani akilia, na katikati ya kilio akaniangalia mimi. Sijausahau mtazamo ule. Haukuwa wa chuki, ulikuwa wa hofu, nami ndiye niliyeogopwa.

Asubuhi, baraza la jirani lilikuwa limejaa. Huyu amekuja kuazima jembe, yule kutafuta mbuzi wake. Wote tulijua wamekuja kuona kama Mzee ataniingiza leo.

Babu akafungua mlango. Akaninyooshea mkono. Mimi nikarudi nyuma.

Nilikuwa nimeamini, ndiyo. Nilijiona ni mimi niliyelisukuma lori lile. Nikamwambia Babu aingie yeye, au amwite mtoto wa jirani, mimi nitakaa jikoni na Bibi, na akitaka nitakwenda Ubena. Nilisema hayo nikilia mpaka maneno yanakatika. Babu akachuchumaa, na magoti yake yalikuwa mabovu, kuchuchumaa kwake kulikuwa adhabu.

"Babu, wewe huniogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa," akasema. "Usiku kucha sikulala kwa kuogopa."

Nilitegemea aseme hapana. Wazee wote husema hapana.

"Lakini duka likifa," akaendelea, "nitarudi kwenye kikapu cha chumvi, njia naijua. Wewe nikikukosa, nitaanza na nini?"

Akanishika mkono wa kushoto. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. "Mguu wa kulia, mama."

Nikaingia.

Tukakaa. Hakuja mtu. Babu akafuta mizani iliyokwisha kufutwa. Wale wa barazani wakawa wanatuangalia kama wanaangalia ngoma. Kisha nikamwona Bibi anakuja kwa mbele, kwa njia ya wateja, amejifunga kanga zake za kutokea, naye siku zote huingia kwa mlango wa uani. Akapiga hodi. Babu akamkaribisha kama mgeni. Akaomba kiberiti, na jikoni kwake viberiti vilikuwa tele, vimetoka kwenye rafu ileile. Babu akampa. Bibi akashukuru, akatoka polepole, akipita mbele ya lile baraza bila kugeuza shingo.

Siku ile hakuingia mwingine. Baadaye walirudi, wachache wachache, maana chumvi haina mbadala. Lakini lori jingine hatukulipata, na ghala liligeuka banda la kuku. Babu alikufa na duka dogo, mimi nimeshaolewa, na mpaka mwisho, nikienda kumtembelea, hakuwa akifungua mlango kabla sijaamka.

Watu huniuliza kama ninaamini mambo ya vigego. Nawajibu sijui, na ni kweli sijui. Zamani nilimsifu Babu kwa kuzidharau imani zile. Sasa nimezeeka naona nilimpunja. Angekuwa hazijali, kuniingiza dukani kungekuwa kazi rahisi. Yeye aliziamini sawasawa na Bibi Zena, akaamka kila alfajiri na hofu yake, akanishika mkono.

Nimemkumbuka sana Babu. Mpaka leo nikifika kwenye mlango wa watu nisiowazoea, mguu wa kulia hutangulia bila kuambiwa, na mkono wa kushoto huinuka kidogo, unamngoja.