Sungura Niliowahesabu kwa Sauti

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nyumbani kwetu Kihesa ilikuwa marufuku kuhesabu chochote chenye pumzi. Kuku waliingia bandani jioni bila kuhesabiwa, na mgeni akimuuliza bibi, mama yake baba, ana wajukuu wangapi, alijibiwa, "Wapo," kisha akaletewa kiti. Ukinyoosha kidole na kuanza moja, mbili, bibi alikichapa kidole hicho kwa mwiko wa ugali. Alisema anayehesabu anamwonyesha mwenye njaa pa kuanzia. Huyo mwenye njaa hakumtaja jina, nami sikumwogopa. Nilikuwa mtoto mbishi, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya sabini, baba mdogo alikuja likizo kutoka Mbeya, alikokuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli. Alibeba tenga, na ndani ya tenga sungura jike, mweupe mwenye masikio meusi. "Wa kwako, Skola," akaniambia. "Lakini uwe mfugaji, si mchezaji." Baba, ambaye alikuwa fundi seremala, akanigongea banda la mbao chakavu nyuma ya jiko. Shuleni mwalimu wa kilimo akatangaza kwamba wenye mifugo mizuri watakwenda kuionyesha siku ya Sabasaba. Nikajiandikisha siku hiyo hiyo. Nilitaka kusimama uwanjani na sungura wangu na watoto wake, wavulana wa darasa letu wakinitazama.

Nilimpeleka kwa dume la jirani yetu fundi viatu. Baada ya mwezi alijinyonyoa manyoya ya tumbo, akatandika kiota, akazaa. Mwalimu alikuwa amenipa daftari la kuandika siku ya kuzaa na idadi ya watoto. Bibi alinikuta nimeinama, mkono umo bandani hadi kwenye kiwiko.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu, bibi. Mwalimu anataka."

"Mwalimu wako ndiye aliyezaa? Toa mkono."

"Wako sita," nikasema, tena kwa sauti.

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alisema tu, "Haya, umewamaliza mwenyewe," akaenda zake.

Kesho yake asubuhi kiota kilikuwa na damu na kijiguu kimoja, basi. Mama yao alikuwa amewala wote. Nililia mpaka nikatapika. Majirani walikuja kumpa pole bibi, si mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyetafuna. Baba akasema, "Sungura anayekula watoto wake si wa kufuga. Nampa nafasi moja tu. Akirudia anaingia chunguni, na habari ya maonyesho iishie hapo."

"Na watoto wasihesabiwe tena," bibi akaongeza.

Hapo hasira ikanishika. Sikukubali kwamba neno "sita" lina meno. Kila nikitoka shule nilikaa mbele ya banda nikimtazama tu yule sungura. Siku moja nilitoka bombani na ndoo kichwani, mikono imelowa, nikampa majani ya mchunga. Hakuyagusa. Alinilamba vidole, kimoja kimoja, hadi vikakauka. Kisha akalamba ubao uliodondokewa na maji.

Sote tulijua kwamba sungura hanywi maji. Anayapata kwenye majani, na ukimpa maji anaharisha na kufa. Bibi alisema hivyo, fundi viatu alisema hivyo, baba mdogo alisema hivyo. Na mimi, mbishi nisiyekubali lolote, hilo nililikubali bila kuuliza. Tangu afike kwetu hakuwa amepewa hata tone. Nikawaza, huenda ni kiu iliyomfanya awale watoto wake. Nikakata kopo la maziwa, nikalifunga kwa waya kwenye kona ya banda, nikalijaza. Alikunywa bila kuinua kichwa.

"Sasa unamuua na mama mtu," bibi akasema nyuma yangu.

"Alinilamba vidole, bibi. Ana kiu. Akifa nitamzika, lakini hatakufa na kiu."

Mama yangu alinichapa kwa jibu hilo. Kopo halikutoka.

Sungura hakufa, wala hakuharisha. Nilimrudisha kwa dume, na alipozaa mara ya pili nilisubiri atoke kiotani ale, nikajisugua mikono kwa majani makavu ya humo humo bandani ili asinuse mgeni, nikafunua manyoya kidogo. Bibi alikuwa hatua chache tu, anapepeta mahindi. Nikahesabu kwa sauti ya kufika barabarani, moja hadi saba. Ungo ukatulia mikononi mwake.

Asubuhi nilikwenda bandani. Ubishi wangu wote ulikuwa umeniishia njiani. Nikafunua: saba. Tangu siku hiyo niliwahesabu kila asubuhi, na nakiri nilifanya hivyo kumkomoa bibi.

Sabasaba ilifika na baridi yake. Bibi alikuja uwanjani na kitenge chake kizuri, akakaa kwenye benchi nyuma yangu kutwa nzima. Bwana mifugo akaniuliza, "Alizaa wangapi?"

"Saba."

"Wamebaki wangapi?"

"Saba."

Nilipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa mvulana mwenye bata mzinga, uamuzi ambao sijaukubali hadi leo.

Tulirudi kwa miguu, mimi nimebeba sanduku la sungura, nikisubiri bibi aseme chochote ili nimshinde. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mimi nilizaa tisa."

Nilisimama. Niliwajua watatu tu: baba, baba mdogo, na shangazi aliyeolewa Kalenga.

"Sikumhesabu hata mmoja," akasema. "Hata moyoni. Na sita wakaenda. Waliharisha, na mtoto anayeharisha tuliambiwa hapewi maji." Alitazama sanduku mikononi mwangu. "Wa mwisho alinilamba vidole, nilipotoka kisimani. Nikauvuta mkono."

Ushindi nilioubeba tangu uwanjani ulinitoka wote, na nikaona haya kwa kila asubuhi niliyohesabu kwa kelele masikioni mwake.

Leo wapo wanaoniambia kwamba mwiko ule wa kutohesabu ulikuwa na busara yake, kwamba ulizuia mikono ya watoto isiingie viotani. Huenda. Lakini sitausifu. Uliwapa watu wazima jibu la haraka kwa kila kifo, wakaacha kuangalia kama kopo lina maji, na bibi yangu alilipia jibu hilo mara sita. Namsamehe yeye, mwiko siusamehe.

Bibi alishafariki. Nikikaa na wanangu na mtu akauliza bibi yetu alizaa watoto wangapi, sisemi "wapo". Nasema tisa.