Mwitaji Aliyeupa Ubao Mgongo

Mwalimu Florian alimnyima Wankyo kusoma, humo humo ndani ya darasa la kisomo, na alimnyima kwa kumsifu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, upande wa Bunda, watu wazima walipoamriwa wajue kusoma kabla mwaka haujaisha. Jengo halikuwapo, basi wakapewa ghala la pamba. Aliyetoa wazo hilo hajawahi kupalilia. Mtu yuko shambani tangu alfajiri, jua limempiga, kisha unamkalisha juu ya pamba na kumwambia a, e, i. Walifika kwenye e. Kufikia i, mzee Magige alikuwa anakoroma, na wenzake wakamfuata kwa heshima ya umri wake.

Florian, kijana wa Suguti aliyemaliza darasa la saba juzi, aligonga ubao, akafoka, akatishia kuwashtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amelala kwenye kona.

Aliyekuwa macho ni Wankyo tu. Si kwamba aliipenda serikali kuliko wengine. Alichokitaka ni kitabu cha nyimbo. Kila Jumapili wifi yake, Gati, alimnong'oneza kanisani, "Wifi, leo umekishika kichwa chini, miguu juu. Malaika watasomaje?" Gati alijua herufi chache tu, za katekisimu, lakini zilimtosha kuchekea wengine.

Basi siku moja Wankyo alichoka kuisubiri i. Akasimama mbele ya watu, akafanya alilozoea kulifanya kwenye obusaga, wanakijiji wanapopaliliana mashamba kwa zamu. Huko yeye ndiye mwitaji. Hutembea kinyumenyume mbele ya mstari wa majembe, macho yake usoni kwa wapaliliaji, akimrushia kila mtu jina lake la majigambo. Aliyeitwa hujibu jembe likiwa hewani. Akichelewa, utani utakaomwangukia atalala nao.

"Magige, dume lililovunja zizi la mkwe!"

Mzee akakurupuka, pamba zimejaa kwenye ndevu. "Bado navunja!"

"Basi vunja na hiyo i tuione!"

Ghala zima likaangua kicheko. Magige akaisoma i. Siku hiyo hakulala mtu tena, kila mmoja akiogopa zamu yake.

Watu walipotawanyika, Florian akamfuata Wankyo. "Mama Boke, uwe unawaita hivyo kila siku. Wakishaelewa, nitakufundisha wewe peke yako."

"Kweli, mura, kijana wangu?"

"Mwalimu hadanganyagi, mama."

Tangu hapo Florian akawa anaonyesha herufi kwa fimbo, na Wankyo anaita. Ila mwitaji hawapi watu mgongo, ni kuwatukana. Kwa hiyo mgongo aliupa ubao. Akijaribu kugeuka aibe jicho, Magige alilalamika, sauti imeshaingia usingizi, "Wankyo, umeninunia?" Akawageukia tena. Msimu mzima aliimba ba, be, bi, bo, bu kwa sauti ya kuamsha maiti, asijue zinafanana na nini.

"Na mimi lini, mwalimu?"

"Wakishaelewa, mama."

Wakaelewa. Akaja mkubwa wa elimu kutoka Musoma, akawakuta wazee wamekodoa macho, wanajibu kabla hawajaulizwa.

"Na mama huyu?" akauliza.

"Huyo ni kengele yetu," Florian akasema.

Mgeni akafurahi sana. Kengele haiulizwi jina lake.

Siku ya mtihani, kuita kukakatazwa. Kwa mara ya kwanza Wankyo akakaa chini na kuutazama ubao. Msimamizi akagusa herufi kwa fimbo. "Hii nini, mama?"

Wankyo alizijua zote kwa wimbo. Kwa sura, hata moja.

"Nianzishie," akasema. "Nitaimalizia."

Watu wakacheka, Gati kuliko wote. Magige akafaulu, akawa anawasomea wajukuu hata karatasi za sabuni. Mwenyekiti naye akafaulu. Wankyo akaandikiwa kwamba hajui.

Florian akahamishiwa Musoma akafundishe walimu wenzake namna ya kuyashika macho ya wanafunzi. Husemekana anawaonya sana wasiwape wanafunzi mgongo.

Miaka ikapita. Wakakutana mnadani Butiama, Wankyo anauza mbuzi, Florian amevaa suti ya Kaunda.

"Mama Boke! Lile somo lako nalifundisha mpaka leo."

"Na langu je, mwalimu?"

Florian akacheka, akasema anawahi gari. Akampa mgongo.

Jumapili Wankyo bado huangalia kwanza Gati amekishikaje kitabu, ndipo naye afungue chake. Magige, kabla hajafa, aliona aibu. Akamwita jikoni kwake, akachukua kijiti, akamchorea i kwenye majivu, na juu yake akaweka nukta kwa kidole. Hiyo Wankyo anayo, huitafuta kwenye kila wimbo na kuikuta. Nyingine zote ziko Musoma, kwa Florian.