Siku Watu wa Chuo Walinisikia Nikiwasema

Sitawaficha, mimi nyanya wa wajukuu saba, mama wa kanisa, nilisema watu wa chuo vibaya wakiwa wananisikiliza, na leo nataka niwaambie mwenyewe kwa maana hapa Kabiro, Kawangware, hiyo maneno imeshatembea bila mimi na wengine wameitia chumvi (eti nilipiga kompyuta na mwiko, huo ni uongo, mwiko nilikuwa nimeushika tu).

Kompyuta ni ya mjukuu wangu Nafula, ile ya sanduku la kusimama na skrini kando. Aliiunganisha Mwende, mama mmoja fundi kutoka Kitui mwenye kibanda Mashimoni kule Kibera, akaiwekea Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, akasema hiyo haichoshi mashine nzee. Na kweli haikuichosha. Sasa wiki moja kabla Nafula ahojiwe na chuo cha uuguzi (siku hizi wanakuhoji kwa skrini, mnaonana nyuso, na ukikosa siku yako nafasi inapewa mwingine), mashine ikaandika kuna toleo jipya, Nafula akakubali, ikajipika asubuhi nzima, ikaamka na sura mpya inang'aa, nikaipenda. Na mimi kitu kipya kwangu hakikai uchi. Redio iko na kitambaa, viti viko na vitambaa, hata mtungi wa maji uko na chake. Nikamalizia kile cha maua mekundu nilichokuwa nafuma, nikalivalisha lile sanduku mbele na nyuma, likatoka kama bibi harusi.

Kutoka hapo mashine ikazeeka kuliko mimi. Unabonyeza, unachambua mboga, unamaliza, ndiyo inafungua.

"Kukhu, ni hiyo toleo jipya imeharibu," Nafula akasema (kukhu ni nyanya kwetu Waluhya, wengine huniita shosho), machozi karibu.

Nikamwambia hakuna chuma itakunyima chuo mimi nikiwa hai. Nikaivua, nikaifunga na leso, nikaibeba mwenyewe mpaka Mashimoni. Mwende akafungua kwa skrini dirisha jeusi lenye maandishi matupu, akayasoma vile daktari husoma kadi, akazima vitu fulani ambavyo toleo jipya lilikuwa limeviamsha bila kuulizwa, na mashine ikakimbia. Nikashukuru, nikairudisha nyumbani, nikaivalisha. Kufika saa kumi imelala tena.

Kesho yake nilirudi nikiwa na moto. Mbele ya kibanda cha Mwende kulikuwa na foleni ya maji, akina mama na mitungi yao, nami sikungoja salamu.

"Mwende! Umetengeneza nini hapa? Unataka mtoto wangu akose chuo?"

Akaiwasha palepale. Ikakimbia, mbele ya watu wote.

"Shosho, labda ni wewe inaogopa," mama mmoja kwa foleni akasema, wakacheka mpaka mtungi ukaanguka.

Mwende hakucheka. Akaniuliza polepole, "Shosho, kwako inakaa wapi?"

"Inakaa mahali pasafi kushinda hapa pako!"

(Jibu hilo linaniuma hadi leo, kwa maana alikuwa anataka kuuliza lingine na mimi nilishampa mgongo.)

Siku ya kuhojiwa ikafika, saa nne asubuhi. Nafula amevaa blauzi nyeupe, mimi niko kando na mwiko, ugali kwa jiko. Kwa skrini wakatokea watu watatu, katikati mama wa miwani. Akauliza swali la kwanza, na kabla Nafula ajibu, wote wakaganda, huyo wa miwani mdomo wazi. Nafula akashika kichwa. Mimi nikajua wamekatika, hawatusikii. Nikampigia Mwende simu, nikaweka sauti ya nje, nikafungua koo.

"Mwende, mashine yako imekufa na mtoto anahojiwa! Na hawa watu wa chuo nao, kwani hawana miguu ya kukuja Kawangware? Huyu mwingine wa miwani amefungua mdomo kama samaki wa kukaangwa!"

"Shosho, wacha kelele. Gusa sanduku. Liko moto?"

"Nitagusaje na liko na kitambaa?"

Mwende akasema, "Kitambaa gani?"

Nafula hakungoja nijibu, alikirarua, akaweka mkono. "Kukhu, inaungua! Iko na homa na wewe umeifunika! Mtu wa homa unamvua, unampa hewa!" Akanipokonya mwiko, akachukua sinia, akaipepea nyuma pale penye matundu, feni ndani ikavuma kama nyuki, na baada ya muda nyuso zikaanza kusonga. Mama wa miwani alikuwa amefunga mdomo.

"Tumewasikia," akasema. "Picha ndiyo ilikwama. Sauti haikukwama."

Ugali ulikuwa unaungua, nami nikavuta kile kitambaa nikajifunika uso.

"Nafula," mama akaendelea, "hiyo ya mgonjwa wa homa, nani alikufundisha?"

"Hakuna, madam. Huyu kukhu alikuwa ananifunika blanketi tatu nikiwa mdogo, nikaona nazidi kuungua." (Mjukuu wangu mwenyewe!)

Wakacheka, wakamuuliza mengine, akajibu yote, mashine haikukwama tena.

Amepata nafasi. Mwende nimemwomba msamaha mbele ya ile foleni, kwa sauti ileile ya kumgombeza, kwa sababu kosa la barabarani halisemwi chumbani. Lakini barua ya chuo inataka mzazi ampeleke mwanafunzi, na aliyeweka sahihi ni yule wa miwani. Watoto wangu wanasema niwaachie wao. Nimekataa. Nimemlea mimi, nitampeleka mimi, nitamsalimia huyo mama kwa mikono miwili nikimwangalia usoni. Na kuanzia sasa mtu nikitaka kumsema, kwanza nitahakikisha anapepesa macho, nimwambie usoni.