Sahani ya Peke Yake

Loyce, binti wa mwalimu aliyehamishiwa Kasulu kutoka Singida, alicheza netiboli tangu shule ya msingi, na chuoni Morogoro akasomea lishe. Alipofika shahada ya uzamili aliyaunganisha mapenzi hayo mawili. Alitaka kujua wanawake wanaolima miteremko ya Makere hutumia nguvu kiasi gani, na kama chakula chao kinatosha kuirudisha. Mwaka 2014 akaenda huko na mizani ya jikoni na mikanda ya kifuani ya kupima mapigo ya moyo.

Mikanda waliizoea upesi. Balaa lilianzia kwenye chakula. Ili ajue Esteri, mmoja wa wakulima hao, amekula kiasi gani, Loyce alimpakulia ugali wake kwenye sahani ya pembeni.

Pelagia, mama mkwe wa Esteri, akaondoa mkono kwenye sinia la wote.

"Mkwe wangu anaumwa?"

"Hapana, mama. Ni utafiti tu."

"Ametukosea nini hata tumtenge? Au ni sisi tunaomtilia sumu?"

Esteri hakugusa chakula. Kesho yake majirani wakaanza kurudisha mikanda. "Nitengwe na wanangu ningali hai?" Aline, mmoja wao, alisema, akamwekea Loyce mkanda mkononi na kuondoka.

Msimamizi wa Loyce chuoni, Dakta Stanislaus, alikuwa mkali kwenye simu. "Bila kipimo cha kila mtu huna utafiti. Na msimu wa kulima ukikupita, rudi mwakani, kama chuo kitakusubiri."

Mchana huo Loyce alirudi kwa Pelagia, akapiga magoti, akaomba radhi. Pelagia alimsogezea sinia tu. Loyce akamega tonge huku macho yote yakimtazama. Alipoinua uso aliona kwamba kila mkono ulikuwa na tonge la saizi yake, ile ile kila mara.

"Mama," alisema, "mkila pamoja hivi hivi, mimi nikahesabu matonge, kisha kila mmoja akanimegea moja nilipime, itakuwa vibaya?"

Esteri aliinamisha kichwa, akimsubiri mama mkwe wake.

"Tunapimwa wote?" Pelagia aliuliza. "Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

Pelagia akafinyanga tonge kubwa kama ngumi. "Anza na hili. Nisisingiziwe kwamba nimezeeka."

Esteri akaangua kicheko. Nje, Aline alikuwa amesimama kwenye uzio, akisikiliza bila aibu.

"Eeh, dada wa mizani! Kwangu unakuja lini?"