Kompyuta ya Breki Imesusa

Bi Waya alikuwa amechoka ule uchovu ambao hata ukilala unaamka umechoshwa na kazi ya kulala. Kuinamia magari ya watu kumempa mgongo uliopinda kama alama ya kuuliza, na jibu lenyewe hajalipata. Fundi umeme wa magari ana mkosi mmoja: ndugu zake wenye magari hawaishi, na magari yao huugua siku yake ya kupumzika.

Jumapili hii mgonjwa alikuwa gari la mdogo wake wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi. Taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande breki ikikanyagwa, ilikuwa imemtolea macho kwenye dashibodi kama mama mkwe aliyekuta vyombo havijaoshwa. Breki za kawaida zilishika, hilo halikuwa na ubishi. Ila wiki iliyopita, kwenye mteremko wa kwenda kwake, mvua inanyesha, mwalimu alikanyaga breki, magurudumu yakaganda, gari likateleza ubavuubavu hadi ukingoni mwa korongo. Na kesho, Jumatatu, kwenye mteremko huohuo, lilitakiwa kumbeba mama yao, aliyekuwa anahamia kwa mwalimu na masufuria yake yote.

“Dada, nikufiche nini,” mwalimu alisema. “Siku ile nilitubu mpaka dhambi za jirani.”

Kaka yao mkubwa, mpiga rangi, alikuwa na kibanda chake kwenye gereji hiyohiyo. Akaja akijifutia mikono kwenye suruali. Gari lile alilipaka upya yeye mwenyewe mwezi uliopita, bluu ya kung’aa, na kila akipita karibu nalo alipunguza mwendo ajitazame.

“Mnahangaika na nini? Chomoa balbu. Taa ikizimika, ugonjwa umekwisha.”

“Kaka, mgonjwa akizibwa mdomo ndiyo amepona?”

“Angalau wenye nyumba wanalala.”

Hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya gereji nzima. Magari mangapi yalitoka pale taa zake zimezibwa kwa utepe mweusi, dashibodi imetulia kama makaburi, na mwenye gari anashukuru! Bi Waya mwenyewe, kwa uchovu wake, mkono ulimwasha. Balbu inachomoka upesi kuliko jino bovu. Angekuwa nyumbani, miguu juu ya kiti. Kisha akamwona mama yake akiviringika korongoni pamoja na masufuria, akashusha pumzi na kuchukua mashine ya kupimia.

Akaichomeka chini ya usukani. Kompyuta ya injini ikaitika. Ya gia ikaitika. Ya breki, kimya. Mashine ikaandika kwamba haipati mawasiliano.

“Imekufa,” kaka alitangaza, kwa furaha ya mtu ambaye hajaombwa maoni.

“Imesusa. Wenzake wanaongea, kwa hiyo mashine yangu ni nzima. Sasa tujue huyu amekufa, au amenyimwa chakula.”

Akapima fyuzi: nzima. Akachomoa soketi kubwa ya kompyuta ya breki, mgongo ukilia kama mlango wa stoo. Waya wa kuleta umeme ulikuwa na umeme. Lakini umeme ni kama mgeni: ukimfungulia mlango wa kuingia, lazima awe na wa kutokea. Akachukua taa yake ndogo, ncha moja kwenye waya ule, nyingine kwenye waya wa ethi unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Taa ikawaka kivivu, nyekundu, kama sigara ya mlinzi. Ile ncha ya pili akaihamishia kwenye hasi ya betri moja kwa moja. Taa ikawaka pwaa!

“Ethi,” akasema. Akaufuata ule waya kwa vidole mpaka ulipofungwa kwa bolti kwenye bodi, pembeni mwa injini. Akaifungua. Chini yake, pale penye haki ya kuwa chuma kitupu, palikuwa na bluu. Bluu safi, laini, inayong’aa.

Wote wawili wakamgeukia kaka.

“Mpiga rangi wa hovyo hupaka akizunguka bolti,” kaka alijitetea, kifua mbele. “Mimi hufungua, nikapaka mpaka chini. Kazi yangu haina mipaka!”

“Umeme nao haupiti kwenye kazi yako, kaka.”

“Usinikwaruzie! Dada, nakuomba. Pale ndipo rangi ilipokaa vizuri kuliko kote!”

Akamkwaruzia. Kila msasa ulipopita, kaka alifumba macho. Chuma kilipong’aa, Bi Waya akakaza bolti, akarudisha soketi, akawasha. Kompyuta ya breki ikaitika kwa mara ya kwanza. Akafuta makosa ya zamani, na taa ikazimika yenyewe.

Wakaenda kwenye barabara ya kokoto. “Kanyaga yote,” akaamuru. Mwalimu akakanyaga, gari likasimama limenyooka.

“Pedali inanipiga teke mguuni!”

“Ndiyo inafanya kazi. Magurudumu hayagandi. Nirudishe.”

Jumatatu asubuhi, pale gereji, mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, sufuria kubwa mapajani, mawingu yamejaa. Boneti ilikuwa wazi. Bi Waya akachungulia, akamkuta kaka ameinama, spana mkono mmoja, brashi mkono mwingine, bolti imelegea, na bluu mbichi chini yake.

“Naziba kovu tu. Nakaza sasa hivi.”

Hakuwa na nguvu za kugomba. Akafungua mlango wa nyuma.

“Kaka, panda. Twende wote tukamfikishe mama.”

Kaka akatazama mawingu. Akatazama kile kiti. Akatazama bluu yake, mbichi, nzuri.

“Nyie huko mbele, mnapika nini?” mama akauliza.

“Tunakuja, mama,” kaka akajibu. Kisha, kwa sauti ya chini, bila kumtazama dada yake: “Hebu nipe ule msasa.”