Sufuria la Serikali na Upepo wa Siku Saba

Mara ya kwanza nilipovuka Kigongo kwenda Busisi na lile sufuria, abiria wenzangu waliniuliza harusi ni ya nani. Sikuwalaumu. Lilikuwa la bati jeupe, pana kiasi cha kumwogeshea mtu mzima, na nilikuwa nimeketi juu yake kwa kuwa mabenchi ya pantoni yalijaa. Nikawaeleza kwamba ni chombo cha utafiti, cha kupimia maji yanayoondoka na jua. Mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi alitafakari jibu hilo, kisha akamwambia mwenzake, “Hataki kutualika tu.”

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikaajiriwa kwenye kituo cha utafiti mjini Mwanza, na nilivaa kalamu tatu mfukoni mwa shati. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara huria ndiyo kwanza inashika kasi. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja msimu huu na kutoweka msimu ujao, kwa hiyo watu wa bonde moja ng'ambo ile waling'oa pamba wakachimba majaruba ya mpunga, maana wali wa mjini hauna msimu. Wilaya ikaingiwa na hofu. Je, bonde lile, ambalo maji yake huishia ziwani, lingeweza kunywesha mpunga wote huo bila kukauka? Wafadhili wakasema uamuzi wowote lazima utokane na utafiti. Utafiti nilikuwa mimi na sufuria.

Nililiweka uani kwa mama mmoja mjane mwenye majaruba matatu bondeni, nikalifunika kwa wavu wa chuma wa kuzuia wanyama. Nilimchagua kwa sababu ua wake ulikuwa wazi, haufunikwi na kivuli, na kwa sababu mwandiko wake, alioupata kwenye kisomo cha watu wazima, ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kazi ilikuwa rahisi. Kila asubuhi ajaze maji mpaka kwenye alama, kwa jagi nililompa, kisha aandike kwenye fomu ameongeza majagi mangapi. Kilichopungua ndicho kilichochukuliwa na jua.

“Na mengine niandike wapi?” aliuliza.

“Mengine yapi, mama?”

“Yanayotokea.”

“Fomu haina nafasi ya mengine. Andika majagi tu.”

“Sawa, mwanangu,” alisema, kwa sauti ya mtu anayeweka kitu kabatini akijua ipo siku kitatafutwa.

Kila Jumatatu nilivuka kwenda kuchukua fomu. Ningemwamkia shikamoo, angeitikia marahaba, angenipa kiti na viazi vitamu, nami ningemweleza habari za tabianchi mpaka asinzie. Wakati mwingine, kwa joto la huko, niliinua wavu, nikachota maji ya sufuria nikanawa uso. Yalikuwa karibu, na mimi ndiye niliyekuwa mwenye utafiti.

Fomu zilinishangaza. Maji yalipotea kwa wingi ambao vitabu vyangu havikuutaja popote, isipokuwa labda jangwani. Tena hayakupotea sawasawa. Siku nyingi yalipungua kiasi, lakini kila baada ya siku saba yalipungua kana kwamba jua lilikuwa limeshuka kunywa lenyewe. Nilichora mchoro. Ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, mzuri kama mshono wa kitenge. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilikuwa na shahada, kwa hiyo nikaeleza. Niliandika kurasa sita kuhusu upepo mkavu unaotoka ziwani kila siku ya saba, ambao watafiti walionitangulia hawakuwahi kuugundua. Bado nakumbuka sentensi moja iliyoanza na “Ni dhahiri kwamba.” Mwisho wa ripoti nikapendekeza kilimo cha mpunga bondeni kisimamishwe, kwa kuwa bonde lilikuwa linapoteza maji mengi kuliko linayoyapata. Nikaipeleka wilayani. Kamati ingekaa siku ya Ijumaa kuamua.

Wiki hiyo nilitaka kupiga picha ya sufuria kwa ajili ya jalada la ripoti. Lakini Jumatatu pantoni iliharibika injini, tukakaa Kigongo siku tatu tukila sato wa kukaanga na kumtukana fundi. Nilifika kwa yule mama Alhamisi, saa nne asubuhi.

Ng'ombe walikuwa wamepanga foleni. Wengine walikuwa wanakunywa, wengine wanangoja zamu yao kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwa abiria wa pantoni. Mwanamume mrefu mwenye fimbo begani alikuwa akiwahimiza kwa mluzi. Yule mama alisimama kando na jagi.

“Hawa wanafanya nini hapa?” nilipiga kelele.

Mwenye fimbo akanitazama kuanzia viatu mpaka kalamu. “Msomi, ng'ombe akiinamia maji, kwenu huwa anafanya nini?”

“Leo ni mnada,” mama alinieleza kwa upole. “Wanatembea tangu alfajiri. Mtu apite na wanyama wenye kiu mlangoni kwangu, nimwambie haya maji ni ya jua?”

“Kila Alhamisi?”

“Mnada ni kila Alhamisi.”

Niliketi chini. Kurasa zangu sita zilikuwa mbele yangu zikipunga mikia. Nikauliza, kwa sauti iliyobaki, wavu wa chuma wa kufunikia sufuria ulikwenda wapi. Akanionyesha kwa kidevu. Ulikuwa juu ya mawe manne, umejaa dagaa waliokuwa wanakauka vizuri sana.

“Mbona hukuniambia, mama?”

“Nilikuuliza mengine niandike wapi.”

Nikamwambia ukweli wote: ripoti, pendekezo, kamati ya kesho. Akaweka jagi chini, taratibu, kama kitu kilichogeuka kuwa cha mtu mwingine.

“Kwa hiyo majaruba yangu yanafungwa,” alisema, “kwa sababu nimewapa ng'ombe maji.”

“Ndiyo, mama.”

“Na watoto wa mwanangu wanaosomeshwa na mpunga ule, nao warudi nyumbani kwa ajili ya ng'ombe wa mnadani?”

Mwenye fimbo alivua kofia. Hata ng'ombe, nadhani, waliona haya.

“Kesho tunakwenda wote,” akasema mama. “Utasema wewe. Ukikwama, nitasema mimi.”

Nilikwama mapema. Mwenyekiti wa kamati aliipenda ripoti yangu kupita kiasi. Aliisifu mbele ya wajumbe wote, akasema hatimaye wilaya imepata sera yenye mizizi ya kisayansi. Niliposimama kueleza kwamba kumetokea “dosari ndogo ya kimazingira katika ukusanyaji wa takwimu,” alinikatiza.

“Dosari isiguse upepo, kijana. Upepo wa siku saba umeshaingia kwenye hotuba yangu.”

Yule mama akanyanyuka kwenye benchi la nyuma.

“Mheshimiwa, upepo huo naujua. Una pembe.”

Akaeleza yote: mnada, kiu, wavu, dagaa. Hakuniacha salama, ila hakunionea. Bwana shamba alianza kucheka kwa pua, akifuatiwa na karani, mwisho mwenyekiti mwenyewe, ingawa alikuwa akiifuta hotuba kwa kalamu nyekundu huku akicheka. Wakakubaliana mpunga uachwe mpaka kipimo kirudiwe kwa mwaka mzima, wavu ukiwa mahali pake.

Lakini kikao hakiwezi kufungwa bila azimio, na chakula kilikuwa kinapoa. Mjumbe mmoja akauliza kama utafiti huu umeonyesha jambo lolote la hakika. Nikafikiri. Nikasema ndiyo: kwamba njia ya mnada haina maji ya kunyweshea mifugo. Ikapitishwa kwa kauli moja ijengwe birika ya saruji kabla ya msimu wa kiangazi. Ikajengwa kweli. Tangu hapo nimeandika mapendekezo ya sera yanayotosha kujaza kabati mbili, na birika ile ndiyo pekee iliyotekelezwa.

Baada ya mwaka, vipimo vipya vilitoa majibu ya kawaida kabisa, ya kuchosha, na mpunga ukabaki. Nilivuka kwenda kuchukua fomu za mwisho. Mama alikuwa amekausha dagaa wake juu ya mkeka na akanikumbusha, si kwa mara ya kwanza, kwamba wavu ulikuwa bora. Fomu zenyewe zilikuwa safi kama kawaida, isipokuwa pembeni alikuwa amechora kwa rula safu mpya, akaipa kichwa: Mengine.

Nilisoma safu hiyo nikiwa juu ya pantoni. Bata wa jirani, wavu umesogea, kikombe kimoja. Mbwa, alifukuzwa. Na kila Jumatatu, kwa mwandiko ule ule mzuri: Mtaalamu, kunawa uso, nusu jagi.